Haunter amebadilishwa lakini hakugeuka Gengar. Shida iko wapi?

kibokoni_94 · Jumatano, saa 3:10 usiku

Salaam jamani. Nina Haunter wawili na wote wamegoma.

Wa kwanza yuko kwenye Pokémon Violet, leveli 41. Najua hageuki kwa leveli, hugeuka kwa kubadilishana, kwa hivyo tumebadilishana na binamu yangu, mashine mbili za Switch, sebule moja, bila intaneti. Nimempa Haunter, kanipa Pokémon mwingine, Lechonk, kisha kila mtu akarudisha cha mwenziwe. Haunter amekwenda na amerudi akiwa Haunter vile vile. Hata ule mwanga mweupe sikuuona.

Wa pili yuko Pokémon GO kwenye simu. IV zake (namba za uwezo wa kuzaliwa) ni 15/14/15. Peremende za Gastly ninazo 61 na Gengar anataka 100. Nasikia ukibadilishana hizo 100 hulipi. Rafiki wa kubadilishana naye yuko Likoni, mimi niko huku kisiwani Mombasa. Je, yafaa kila mtu akibaki upande wake wa kivuko?

La tatu, kwa wanaocheza mechi za mtandaoni: huyo Gengar wa Violet nikimpata, nimpange vipi asife kwa pigo moja? Kila Gengar ninayekutana naye huanguka kabla sijamaliza kusoma jina lake.

---

haraka_ya_kongowea · saa 3:22 usiku

Leveli ndogo hiyo. Mpandishe mpaka 50, halafu mbadilishane tena.

---

fundi_gastly · saa 3:41 usiku

Yakhe, usimpotoshe mwenzio. Leveli haina kazi hapa. Gastly ndiye anayegeuka kwa leveli: akifika 25 anakuwa Haunter. Kuanzia hapo mlango ni mmoja, kubadilishana, na uko wazi hata kwa Haunter wa leveli 25 aliyegeuka dakika moja iliyopita. Ndivyo ilivyo tangu michezo ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1996.

@kibokoni_94, bonyeza X, mchague Haunter, tazama ameshika nini. Naweka dau ameshika Everstone. Jiwe hilo kazi yake ni moja, kumzuia Pokémon asigeuke, na kwenye kubadilishana linazuia vile vile kama linavyozuia kwenye leveli. Watu wengi hulisahau pale kwa sababu ya mayai: mzazi akishika Everstone, kitoto kinachukua tabia yake, basi mtu anamtwika jiwe wakati wa pikiniki, mayai yanapatikana, jiwe linabaki mkononi. Wiki tatu baadaye ndiyo anaanza kumlaumu binamu.

Kuhusu mwanga: hata jiwe lisingekuwepo, wewe usingeuona. Haunter hugeuka anapofika kwa mpokeaji, kwa hivyo sinema nzima ingechezwa kwenye skrini ya binamu yako. Wewe ungemwona Gengar tayari ameshageuka, wakati anarudi.

Mvueni jiwe, kisha rudieni hivi. Wote wawili X, kisha Poké Portal, kisha Link Trade. Msibonyeze L, maana L ndiyo inayoiunganisha mashine na intaneti. Mmoja akiwa mtandaoni na mwingine hayuko, mtatafutana mpaka alfajiri mkiwa mmekaa kochi moja. Wekeni namba ya siri moja, tarakimu 8, iliyo sawa kwa wote. Hata kwa mawasiliano ya karibu iwekeni, hasa kama mnacheza mahali penye Switch nyingine.

Na ushauri wangu: msibadilishane Haunter kwa Lechonk. Binamu naye atafute Haunter wake. Haunter kwa Haunter, wote wanageuka kwa safari moja, na mkirudishiana kila mtu ana Gengar wake mwenyewe. Mkibadilisha kwa Lechonk mmechoma safari mbili kwa Gengar mmoja.

IV, tabia na mapigo hayaguswi na safari hiyo. Anarudi yule yule, jina la mwenyewe ni lako. Ila mkiamua kila mtu abaki na wa mwenziwe, hesabuni beji kwanza. Mwenye beji tatu anatiiwa na Pokémon waliopokewa wakiwa leveli 35 kushuka chini, nne, 40, tano, 45. Gengar wa leveli 41 kwa mtu wa beji tatu atamtazama tu, au alale.

Usajili wa Nintendo Switch Online hauhitajiki kwa mawasiliano ya karibu. Unahitajika mkibadilishana kwa intaneti. Huko mtandaoni epukeni namba nyepesi kama 1111 1111. Si kwamba mchezo unazikataa, bali kuna watu kibao wanaotumia namba za aina hiyo kwa shughuli zao, utaunganishwa na mtu usiyemjua, umkabidhi Haunter, na hapo hakuna wa kumshtakia.

Mwenye Legends: Arceus ya 2022 hana haja ya binamu. Kule kuna kifaa kinaitwa Linking Cord, kinanunuliwa kwa pointi 1,000 za fadhila kwa Simona pale kijijini, unampa Haunter na kazi imekwisha. Kwenye Violet hakuna uchawi huo.

---

vumbi_la_nyota · saa 4:05 usiku

Hili la GO nalichukua mimi, na naanza kwa kukataza: huyo wa 15/14/15 usimbadilishe.

Kubadilishana kwa GO si kama kwa Violet. Kuna tofauti mbili zinazouma. Kwanza, aliyeondoka harudi, kwa sababu Pokémon hubadilishwa mara moja tu maishani mwake. Pili, IV zinapigwa upya kama dadu pale pale kwenye makabidhiano. Hiyo 15/14/15 yako ikivuka kwenda kwa rafiki inaweza kufika ikiwa 2/7/1. Na wewe utapokea wake, naye kapigiwa dadu vile vile.

Sakafu ya dadu inategemea urafiki. Good Friends, kila namba inaanzia 1. Great, 2. Ultra, 3. Best, 5. Mkipata bahati ya Lucky, inaanzia 12, na kumpandisha nguvu kunagharimu nusu ya Stardust (vumbi la nyota, sarafu ya GO). Kutoka Great mpaka Best si haraka: siku 7 za kushughulikiana kwa Great, 30 kwa Ultra, 90 kwa Best. Piga hesabu mwenyewe. Kupata 15/15/15 kwa urafiki wa Best ni nafasi 1 kati ya 1,331. Kwa Lucky ni 1 kati ya 64. Kwa Good ni 1 kati ya 3,375, yaani sahau.

Kwa hivyo kanuni ni nyepesi: Haunter mzuri mgeuze kwa peremende, Haunter mbovu ndiye wa kubadilisha. Wewe umepungukiwa peremende 39. Ukimkamata Gastly kwa tunda la Pinap unapata 6 badala ya 3, ukimpeleka kwa profesa unaongezewa 1. Hiyo ni 7 kwa kila mmoja, basi Gastly sita wanakutosha, na tatu zinabaki. Ukikutana na Haunter mwituni, yeye ni 5 za kawaida, 10 kwa Pinap. Kutembea naye kama rafiki wa njiani ni peremende moja kila kilomita 3. Peremende 39 kwa mguu ni kilomita 117, na hiyo ni zaidi ya kutoka Mombasa kwenda Malindi kama ndege anavyoruka. Pinap ni rahisi.

Tazama hali ya hewa ya mchezo. Gastly ni Mzuka na Sumu. Mzuka hupewa nguvu na ukungu, na ukungu hapa pwani ni nadra. Sumu hupewa nguvu na mawingu, na mawingu ya masika tunayo ya kumwaga. Alama ya wingu ikiwepo juu ya skrini, Gastly wa mwituni anaweza kufika leveli 35 badala ya 30, na IV zake haziteremki chini ya 4/4/4. Hizo ndizo siku za kutoka na Pinap.

Sasa kuhusu kivuko. Hapana, haifai. Kwa kawaida lazima muwe ndani ya mita 100, na maji ya Likoni yanazidi hapo mara kadhaa. Pandeni feri moja, au mmoja avuke. Kama mtafanya ndani ya feri, fanyeni mkiwa pembeni na simu mkaishike vizuri, msongamano wa saa kumi na moja jioni pale si mahali pa kutazama Haunter akizunguka. Na msikutane kwenye vichochoro vya Mji wa Kale: nyumba ndefu, njia nyembamba, GPS inaruka huku na huku, mchezo unasema mwenzio yuko mbali na bega lake limegusa lako. Tokeni penye uwazi, pale mbele ya Fort Jesus au Mama Ngina, subirini kama dakika mtu wenu wa kwenye ramani atulie, ndipo mfungue orodha ya marafiki, bonyezeni jina, kisha kitufe cha kubadilishana.

Gharama: kama kila mmoja ameshawahi kumsajili Haunter, ni Stardust 100 tu. Kama mmoja hajamsajili, inaruka kwa wote wawili: 20,000 mkiwa Good, 16,000 Great, 1,600 Ultra, 800 Best, na hiyo ni makabidhiano maalumu, moja kwa siku. Kwa hivyo kabla ya kutoka nyumbani rafiki yako ahakikishe ameshageuza Gastly mmoja, peremende 25, amalize. Wote mnahitaji kuwa leveli 10 au zaidi. Haunter aliyechukuliwa kwa Team Rocket akiwa na moshi wa zambarau habadilishwi mpaka asafishwe.

La mwisho kwenye GO, na ndilo linalowachanganya waliotoka kwenye Switch: baada ya makabidhiano hageuki mwenyewe. Anakuja Haunter. Mfungue, tazama kitufe cha kugeuza, pale palipoandikwa 100 sasa pameandikwa 0. Bonyeza. Watu wamekaa na Haunter wa bure miezi kwenye begi wakidhani imeshindikana.

---

haraka_ya_kongowea · saa 4:11 usiku

Haya, nimekosea la leveli, nimekubali. Lakini mimi ningembadilisha tu. 15/14/15 na 12/12/12 tofauti yake kwenye reidi (vita vya kundi dhidi ya Pokémon mmoja) huioni kwa macho.

---

vumbi_la_nyota · saa 4:19 usiku

Kwenye reidi kweli tofauti ni ndogo, hapo umesema haki. Ila 12/12/12 ni sakafu ya Lucky, na wao hata Best hawajawa pengine. Kutupa 15/14/15 ili kuokoa Gastly sita ni kuuza ng'ombe kwa bei ya kamba yake.

Maadamu umetaja reidi: Gengar wa GO ana mashambulizi 261, ulinzi 149, uhai 155. Anauma kama nyoka na ana ngozi ya karatasi. Kwa Mewtwo mwenye pigo la Psychic, Gengar ndiye atakayemuumiza sana na ndiye atakayekufa mapema, maana nusu yake ya Sumu inapata hasara ya mara 1.6 kwa mapigo ya Akili. Weka Shadow Ball, na kwa pigo la haraka Hex au Shadow Claw. Lick ya zamani ukiwa nayo, usiipoteze kwa TM (kifaa cha kubadili pigo). Mega Gengar ni habari nyingine: nishati 200 mara ya kwanza, baadaye chache zaidi, unaye kwa saa 8, na anaongeza nguvu za mapigo ya Mzuka kwa kundi zima.

(Gengar anayeng'aa, yule wa rangi adimu, msihangaike naye kwa sura. Zambarau na zambarau. Mpaka awe Mega ndipo anakuwa mweupe kama sanda, hapo ndipo anapendeza.)

---

dada_wa_tudor · saa 4:50 usiku

Naona swali la tatu limerukwa, na ndilo gumu.

Gengar kwenye Violet anakufa kwa pigo moja kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Uhai 60, ulinzi 60, ulinzi maalumu 75. Nguvu yake yote imewekwa kwenye shambulio maalumu 130 na kasi 110. Huwezi kumfanya mgumu. Ukijaribu kumpa uhai, utapata Gengar anayekufa kwa pigo moja na ambaye pia ni mzito. Kazi ni kuchagua *lini* afe na amechukua nani.

Kuna jambo moja ambalo waliocheza zamani hulisahau. Gastly na Haunter wana kipaji cha Levitate, wanaelea, mapigo ya Ardhi hayawagusi. Gengar naye alikuwa nacho mpaka Sun na Moon za 2016, zilipomnyang'anya na kumpa Cursed Body. Cursed Body ina nafasi ya asilimia 30 kufunga pigo lililompata, jambo zuri ukiwa bado hai. Maana yake ni kwamba dakika Haunter wako anapogeuka, kinga ya Ardhi inaondoka, na kwa sababu ya nusu ya Sumu, Earthquake inampata mara mbili. Garchomp ana kasi 102, Gengar 110. Gengar anatangulia, anapiga Shadow Ball, Garchomp anabaki amesimama, Earthquake inakuja, kwaheri. Hizo ndizo Gengar unazoziona zikianguka.

Dawa ziko tatu, na kila moja ina madhara yake.

Air Balloon inamrudishia kuelea mpaka apigwe pigo lolote. Ikipasuka imepasuka.

Tera (kumgeuza aina katikati ya mechi) ya Anga inampa kinga ya Ardhi kwa kudumu kwenye mechi hiyo. Kubadilisha aina ya Tera ni vipande 50 vya aina hiyo, kwenye mkahawa wa Treasure Eatery pale Medali. Lakini akishakuwa wa Anga si Mzuka tena kwa ulinzi. Extreme Speed ya Dragonite, ambayo kwa kawaida inapita ndani yake kama upepo dirishani, sasa inampiga. Fake Out nayo pia. Wengi wanageuza Tera kukwepa Earthquake kisha wanauawa na pigo la Kawaida na kushangaa.

Ya tatu, ninayoipendelea, ni Focus Sash. Akiwa na uhai kamili, pigo la kumuua linamwacha na 1. Ndipo Destiny Bond inapofaa: anatangulia kwa kasi, anafunga fundo, atakayemuua anakwenda naye. Ni ujeuri wa Gengar hasa, anakufa anacheka. Mawili ya kuchunga. Usiipige mara mbili mfululizo, ya pili inashindwa. Na Sash haifai kitu kama ameshaguswa: Stealth Rock, dhoruba ya mchanga, hata mkwaruzo. Kama mpinzani ameweka mawe uwanjani, Gengar asiingie na Sash mpaka mwenzake ayasafishe, au aanze yeye mechi kabla ya mawe.

Mapigo: Shadow Ball (nguvu 80), Sludge Bomb (90, na asilimia 30 ya kutia sumu), Focus Blast (120), na la nne Destiny Bond au Will-O-Wisp. Focus Blast inapata mara 7 kati ya 10. Ukiihitaji mara mbili mfululizo, nafasi yako ni asilimia 49, yaani shilingi hewani. Watu huilaani lakini huwezi kuiacha, maana bila hiyo Kingambit anakukalia kichwani: Giza na Chuma, Shadow Ball inampata nusu, Sludge Bomb haimpati kabisa, na Focus Blast inampata mara nne.

Kingambit huyo ana kasi 50 tu, lakini ana Sucker Punch, pigo linalotangulia. Sucker Punch ina masharti: inafanya kazi tu ukiwa wewe umechagua kushambulia. Kwa hivyo Gengar asimrukie na Focus Blast zamu ya kwanza kwa pupa. Piga Will-O-Wisp. Sucker Punch inaanguka bure, naye Kingambit anaungua (ikimpata, asilimia 85) na mashambulizi yake ya mwili yanakatwa nusu. Zamu inayofuata atakuwa anakisia, nawe unakisia. Huo ndio mchezo wenyewe wa Gengar, ni wa kuchezea akili ya mtu kuliko wa ngumi.

Walio juu yake kwa kasi na wanaotembea sana: Dragapult 142, Flutter Mane 135, Meowscarada 123. Dragapult na Flutter Mane wana mapigo ya Mzuka, ambayo yanampata Gengar mara mbili. Meowscarada ana Giza, vile vile. Ukiwaona watatu hao kwenye kikosi cha mpinzani, Gengar akae benchi mpaka waondoke.

Tabia ni Timid, kasi juu, shambulio la mwili chini, ambalo hata halitumii. EV (pointi za mazoezi) 252 kasi, 252 shambulio maalumu, 4 popote. Kwa leveli 50 kasi inafika 178. Chini ya hapo umempa Gengar mwenzio nafasi ya kukutangulia.

---

kibokoni_94 · Alhamisi, saa 2:05 asubuhi

Everstone! Lilikuwa mkononi kweli, kutoka kwenye mayai. Nimelivua.

@vumbi_la_nyota nimeelewa, wa GO simpeleki popote, natafuta Gastly sita.

@dada_wa_tudor nimetazama bei Chansey Supply. Carbos (dawa ya kasi) 10,000, Calcium (ya shambulio maalumu) 10,000, Timid Mint (ya kumpa tabia ya Timid) 20,000. Sina hela hiyo. Na Haunter huyu kapigana hadithi nzima, EV zake sijui ziko wapi. Naanzia wapi?

---

dada_wa_tudor · saa 6:30 mchana

Kwa dawa peke yake ni 26 za kasi na 26 za shambulio maalumu, maana kila moja inatia 10 na ya ishirini na sita inamalizia 2. Ni 520,000. Usinunue.

Fungua takwimu zake, bonyeza L, utaona mchoro wa EV. Pale palipovimba pasipotakiwa, mlishe matunda, kila moja linatoa 10: Pomeg kwa uhai, Kelpsy kwa shambulio la mwili, Qualot kwa ulinzi, Grepa kwa ulinzi maalumu. Hondew na Tamato usiguse, hizo zinatoa shambulio maalumu na kasi, ndizo unazozitaka zibaki.

Kisha nunua vitu viwili tu kwa Delibird Presents, Power Lens na Power Anklet, 10,000 kila kimoja. Kila kimoja kinaongeza 8 kwa kila vita. Gastly wa mwituni akipigwa anatoa 1 ya shambulio maalumu. Na Power Lens ni 9. Gastly 28 ni 252 kamili, kama unaanza sifuri. Kwa kasi vaa Power Anklet ukawinde Fletchling, naye anatoa 1, basi 28 vile vile. Umetumia 20,000 badala ya 520,000. Mint inunue baadaye, haiharibu kitu ikichelewa.

Angalizo: ukimaliza uvue Power Anklet, inamkata kasi nusu akiwa ameivaa. Kuna wanaoingia nayo kwenye mechi.

---

fundi_gastly · saa 7:15 mchana

Nyongeza kwa anayesoma hii baadaye na hana binamu mwenye Switch: mgeuze kwenye GO, mpandishe Pokémon HOME (programu ya kuhifadhia Pokémon), mshushe Violet. Njia hiyo ni ya kwenda tu, GO harudi tena. IV za GO zinazidishwa mara mbili na kuongezwa 1, kwa hivyo 15 inakuwa 31, lakini kasi haimo kwenye GO, inapigwa dadu wakati wa kuvuka. Kwa Gengar hiyo ndiyo namba inayouma. Ikitoka mbaya, mfikishe leveli 50, mpeleke Montenevera kwa yule Abomasnow na Bottle Cap moja (kizibo cha kupandishia IV), chagua kasi.

---

haraka_ya_kongowea · saa 7:40 mchana

Na asiye na Bottle Cap?

---

fundi_gastly · saa 7:52 mchana

Apige reidi za Tera, nyota 5 na 6. Na ajiandae: humo kuna Gengar pia, na usimwendee na mtu wa Akili. Aina inayomuumiza inafuata Tera yake, lakini Shadow Ball yake inabaki ya Mzuka. Peleka wa Kawaida au wa Giza.